Tusisimame Mbele ya Taa



Usiku mmoja, katika kesha la maombi, umeme ulikatika. Wakaleta taa ya petroli, ikawekwa juu ya meza. Sisi mashemasi tukaizunguka kusudi tusome Neno. Nyuma yetu mtoto mmoja akasema: «Baba shemasi, muko munatufunikia taa.» Watu wakacheka. Sisi neno lile lilituchoma.

Tukumbuke yale tuliyofundishwa shuleni katika somo la fizika. Mwangaza husafiri kwa mstari ulionyooka, karibu kilometa 300.000 kila sekunde. Jua liko mbali nasi kilometa milioni 150 hivi, lakini mwangaza wake unatufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Basi kivuli kikionekana, kosa si la taa. Ni la kitu kilichosimama njiani.

Jaribuni nyumbani. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli chake ni kidogo. Usogezeni karibu na taa, kivuli kitajaza ukuta mzima. Maana yake, aliye karibu zaidi na taa ndiye anayeweza kuwafunikia watu wengi.

Siku ya Mungu, tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilipita Gabon, kikavuka nchi yetu ya Kongo, kikafika Uganda na Kenya. Upana wa jua ni karibu mara 400 ya upana wa mwezi. Namna gani kidogo kilifunika kikubwa? Sababu mwezi uko karibu nasi, na siku ile ulisimama katikati.

Wapendwa, hapa tunaungama. Mama mmoja mjane alikuja mara tatu kutafuta maombi. Mara zote tulimwambia: «Mchungaji hana nafasi, mama, urudi siku ingine.» Mara ya nne hakuja. Tukasema imani yake imepoa. Haikuwa kweli. Bwana hakumkataa, ni kivuli chetu kilichomfikia. Tulikwenda kwake kuomba msamaha. Alitupa viti, akatusikiliza, akanyamaza. Mpaka leo hajarudi kati yetu. Tunamngojea kwa maombi.

Lakini mwezi ule ule unatufundisha dawa. Mwezi hauna mwangaza wake wenyewe. Ukipita kati yetu na jua, upande unaotuelekea ni giza. Ukiwa upande wa pili, ukilielekea jua, unapokea mwangaza na kuturudishia, nasi tunatembea usiku bila taa. Mwezi ni ule ule, jua ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Ndivyo alivyokuwa Yohana Mbatizaji: alijua kwamba yeye si nuru, ametumwa tu kuishuhudia (Yohana 1).

Basi sisi mashemasi, wazee, waimbaji, na wote wenye kupewa karama ya unabii, tujiulize: watu wakitutazama, wanaona nuru ao wanaona mgongo wetu? Kila mmoja amkumbuke mtu aliyemfunikia taa. Amwendee juma hili, kabla hatujakaribia Meza ya Bwana. Tusogee pembeni, nuru ipite.

Amina.