SWALI LA MGANGA NA JIBU LA BWANA



Kila Novemba Kanisa huwakumbuka Watakatifu Wote tarehe 1, na Marehemu Wote tarehe 2. Basi mwezi huu yafaa tuzitazame imani za wazee wenye nchi hii tunayokaa. Maana kabla Temeke, Mbagala na Buguruni hazijawa mitaa ya mji, zilikuwa mashamba na vijiji vya Wazaramo. Sisi tuliokuja kutoka Masasi, Muheza au Dodoma tumejenga juu ya ardhi ambayo wenzetu waliilima na kuwazika humo wazazi wao.

Wazaramo hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walimtaja Mulungu, Muumba. Mvua ilipokawia, walipeleka maombi hadi kwa Kolelo, penye pango katika milima ya Uluguru. Ukoo waliufuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze na kukipaka mafuta kama mtoto wake. Chini ya mti wa mkole alifundishwa kwa nyimbo na mafumbo. Sisi tuliokaa vyuo vya ualimu miaka mingi twajua kwamba mafunzo kama hayo si mchezo.

Mzee alipokufa hakusahauliwa. Watoto wake walilisafisha kaburi, wakalitaja jina lake, wakatambika. Kwao, aliyetangulia alikuwa angali jamaa.

Lakini ugonjwa ulipoingia nyumbani, watu walikwenda kwa mganga, na swali lilikuwa moja: Nani? Mzimu gani umesahauliwa? Jirani gani amemroga mtoto?

Swali hilo lilikuwa na faida yake. Ukoo mzima uliitwa, magomvi yakasemwa na kupatanishwa, na mgonjwa hakuachwa peke yake. Lakini lilikuwa na sumu pia. Mara nyingi mwisho wake ni kidole kumwelekea bibi kizee mjane, asiye na mtoto wa kumtetea, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Hata hivyo damu ya wazee imemwagika katika nchi yetu kwa ajili ya neno hilo moja.

Wapendwa, tusiseme mambo haya ni ya Wazaramo, wala ya zamani. Wamo miongoni mwetu wanaopokea Ekaristi Jumapili, na Jumanne usiku wanapita mlango wa nyuma wa mganga. Tusiwacheke. Tujiulize wanafuata nini kule. Mganga huwasikiliza. Huuliza habari za nyumbani, huwaita ndugu. Je, sisi tulifika kwao walipouguliwa, au tuliwapelekea bahasha ya michango tu?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hilo ndilo swali la mganga, nao walikuwa wanafunzi wa Yesu! Bwana hakumtaja mtu. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu macho. Wao walitafuta mwenye kosa. Yeye alimgusa mwenye shida.

Kanisa letu lilikwisha kujifunza kwamba si kila desturi ni ya kutupwa. Kule Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilitia ndani ya maisha ya Kanisa pamoja na sala na mafundisho yake, vijana wakapita humo wakiwa Wakristo. Alichambua kama mama achambuavyo mchele: punje zikabaki, mawe yakatupwa.

Nasi tuchambue. Kuwakumbuka marehemu tukubaki nako: tuandike majina yao, tumpe padre, yasomwe siku ya Marehemu Wote, kisha twende tukafyeke makaburi. Kukusanyika kwa ajili ya mgonjwa tukubaki nako: ukoo wetu sasa ni mtaa huu wa Kanisa. Aliyeuguliwa aende hospitali, nasi tuwe naye njiani na kitandani. Kutafuta mchawi tukuache kabisa. Bibi anaponong'onezwa katika mtaa wetu, Mkristo wa kwanza kusikia na aende akaketi barazani kwake mchana kweupe, watu wote wamwone.

Mungu atupe moyo huo. Amina.