Bei ni ya Mungu, au ni ya Mikono Yetu?

 Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja Mwislamu mwenye duka la mbolea na mbegu huko Bungoma, na tawi lake Kitale. Aeleza kuwa mwanzo wa mwaka 2021 alinunua mbolea ya kupandia kwa shilingi elfu tatu na kitu kwa gunia la kilo 50, akaiweka ghalani. Ulipofika mwisho wa mwaka ule, habari zikaenea kwamba gesi imepanda bei Ulaya na kwamba mbolea itaadimika. Akafunga ghala, akawaambia wakulima hauzi kwa sasa. Machi 2022, mvua za kupandia zilipokaribia, akafungua na kuuza kwa zaidi ya shilingi elfu sita. Wenziwe wamemwambia asijitie wasiwasi, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikataa kuweka bei, na bei ni ya Mungu. Kwa faida ile amejenga vyumba vya kupangisha. Sasa atuuliza: je, faida ile ni halali? Na gesi ya Ulaya ina nini na Bungoma?

Tutaanza na la pili, kwa kuwa asiyejua bei imetoka wapi hawezi kujua ni ya nani.

Mbolea nyingi ya dukani ina naitrojeni, nayo imo katika hewa hii tuivutayo. Walakini ili mmea uweze kuila, hapana budi ichanganywe na haidrojeni ipatikane amonia, na haidrojeni hiyo viwanda vingi huitoa katika gesi asilia. Basi gesi kwa kiwanda cha mbolea si kuni za kuchomea tu, bali ndiyo unga wa mkate wenyewe. Ikipanda gesi, kiwanda ama hupandisha bei ama hufunga mlango. Na mwaka 2022 viwanda vingi vya Ulaya vilifunga, hata mwezi wa Agosti zaidi ya nusu ya uwezo wao wa kutengeneza amonia ulikuwa umesimama.

Na gesi ilipandaje? Mwanzo wa 2021 bei ya jumla katika soko la Uholanzi, ambalo ndilo kipimo cha Ulaya, ilikuwa yapata yuro 20 kwa megawati-saa moja. Mwisho wa Agosti 2022 ilipita yuro 300. Wengi husema ni kwa sababu Urusi ilipunguza gesi, na kusema hivyo ni kweli, lakini si kweli yote. Tazama tarehe, ewe msomaji. Bomba kubwa lipitalo chini ya bahari kutoka Urusi kwenda Ujerumani, liitwalo Nord Stream, lilipunguzwa Juni 2022, likapunguzwa tena Julai hata likabaki sehemu moja katika tano, na mwanzo wa Septemba likafungwa kabisa. Tarehe 26 Septemba likapasuliwa kwa milipuko. Lau bei ingekuwa ni upungufu peke yake, kilele chake kingekuwa baada ya siku ile. Lakini kilele kilikuwa Agosti, bomba lingali likitoa kidogo. Na lilipokufa kabisa bei ilikuwa yashuka, hata mwisho wa Desemba ikawa chini ya yuro 100.

Ni nini basi kilichokuwa kikinunua mwezi wa Agosti? Ni hofu. Serikali za Ulaya ziliamrishana kujaza maghala yao ya gesi mpaka sehemu 80 katika mia kabla ya baridi, na kila mnunuzi akawa anunua leo kwa kuogopa kesho. Tena soko la namna hii lina desturi moja ambayo watu wa Marikiti hawatashindwa kuifahamu: bei ya shehena yote huwekwa na mnunuzi wa mwisho, yule asiyeweza kukosa. Nyumba ya Mjerumani haiwezi kukaa bila moto katika theluji, basi hutoa chochote atakiwacho, na atoacho yeye huwa ndiyo bei ya wote. Norway haikuongezewa gharama ya kuchimba gesi yake kwa kiasi hicho, lakini iliuza kwa bei ya hofu ya jirani zake, ikapata mapato isiyowahi kuyapata.

Na waliokosa ni nani? Gesi huweza kupozwa ikawa maji na kupakiwa melini, na meli huenda penye bei. Pakistan ilitangaza zabuni Julai 2022, wala hakuna muuzaji hata mmoja aliyejitokeza. Bangladesh iliacha kununua katika soko la papo kwa papo kwa kushindwa na bei. Miji yao ikakaa gizani ili maghala mengine yajae.

Hapa ametokea mtu wa darsa yetu akasema: Je, Nabii Yusuf (a.s.) hakuweka akiba Misri? Tumemjibu kuwa aliweka, walakini aliweka katika miaka ya neema, nafaka ilipokuwa tele, na ilipokuja njaa akafungua hata kwa wageni waliotoka nchi nyingine. Kuweka wakati wa wingi ni tadbiri. Kukimbilia kujaza wakati wa uhaba ni jambo jingine, ijapokuwa hatusemi kuwa mwenye watoto wa kulinda na baridi ana dhambi sawasawa na mlanguzi.

Basi moto ule ndio uliofika Bungoma. China ilizuia mbolea yake isitoke Oktoba 2021, Urusi ikaweka mipaka mwisho wa mwaka, na ile iliyoteremshwa gatini kwetu Mombasa ikapanda malori kwenda bara ikiwa imekwisha kubeba bei ya Uholanzi. Nasi wa pwani tusidhani haya ni mambo ya wakulima. Mahindi ya Kitale ndiyo sima yetu, na katikati ya mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikatangaza Julai kuwa itauzwa shilingi 100.

Sasa tuje kwenye hadithi waliyoishika wale wenziwe. Ni sahihi, imepokewa na Anas (r.a.): bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei, akakataa, akasema kwa maana yake kuwa Mungu ndiye mwenye kuziweka, naye atumai kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhuluma. Ibn Qudama ameona ndani yake hekima ya soko: ukibana bei, wenye misafara watapeleka bidhaa mji mwingine. Khofu hiyo hiyo ndiyo waliyokuwa nayo watu wa Ulaya walipobishana juu ya kikomo cha bei ya gesi, wakakubaliana Desemba 2022 juu ya yuro 180. Lakini Ibn Taymiyya amebainisha kuwa neno lile lilisemwa pale wauzaji walipokuwa hawakudhulumu, bei ikapanda kwa uchache wa vitu au wingi wa watu. Ama wakizuia bidhaa hali watu wanaihitaji, wenye mamlaka wana haki ya kuwalazimisha wauze kwa thamani yake. Dhuluma ya mkono wa mtu haigeuki kuwa kadari kwa kuitwa soko.

Lipo zito zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi, uhodhi ulioharamishwa ni wa chakula, tena kilichonunuliwa wakati wa ghali. Ndugu yetu amenunua mbolea, tena wakati wa rahisi. Kwa matini ya vitabu ameokoka mara mbili. Hatutaki kumficha haya. Lakini Nawawi yule yule asema kuwa hekima ya katazo ni kuwaondolea watu madhara, na Abu Yusuf amesema kila ambacho kukizuia kwadhuru watu ni uhodhi. Na shamba la Trans Nzoia lisilopata mbolea Machi halina la kungoja, msimu umepita. Sisi twaelekea kauli ya Abu Yusuf, na asiyeelekea huko na alete dalili.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili. Kuuza elfu sita si dhambi kwa yake nafsi, kwani gunia la kurudishia ghalani naye angelinunua kwa bei mpya, na muuzaji asiyeweza kurudishia hufunga duka. Mauzo yake ni sahihi na vyumba ni vyake. Kosa ni ule mlango uliofungwa, na deni lake ni kwa wale waliorudi mikono mitupu. Tumemwandikia awatafute, awape mbolea ya kupandia kwa bei ya mtaji katika msimu ujao.

Ametujibu kuwa amekumbuka majina 17 katika daftari la mikopo. Wawili wamekwisha kufa, naye auliza afanyeje. Tumemwambia aende kwa watoto wao.