Sahihi ya Mtu Ambaye Hajahamia

Mama alinipigia simu Jumapili akanipa kazi: nimwandikie barua. Jirani yetu kule Turbo mjini ameuza kiwanja chake cha hamsini kwa mia, na aliyekinunua anataka kusimamisha gorofa tano za nyumba za kupanga. Majirani wamekubaliana kupinga. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inawapa nafasi hiyo: hujengi bila idhini ya kaunti, na kabla idhini haijatoka, umma hualikwa kuleta pingamizi. "Wewe ndiye umesoma," Mama akasema. "Andika kitu kizito."

Nikakubali haraka. Halafu nikatazama juu nikaona balbu. Ilikuwa inawaka tangu asubuhi.

Mimi nakaa Huruma, Eldoret, kwenye bedsita ya upande wa nyuma. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa ploti jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Saa sita mchana nawasha taa ndipo nichambue mchele. Kwa ramani ya siasa, mimi na Mama tuko eneobunge moja, Turbo, ingawa kati yetu kuna zaidi ya kilomita 30 za barabara. Kwa habari ya barua hii tuko pande mbili. Yeye anapinga gorofa. Mimi ndiye mtu anayekaa ndani yake.

Sasa swali likanikaba: aliyetangulia kufika mahali ana haki ya kuamua nani aje baada yake, na wangapi?

Tusimcheke Mama. Ana kisima uani, na shimo la choo cha familia ishirini likichimbwa hatua chache kutoka hapo, maji hayo si ya kunywa tena. Kiwanja kina bikoni nne, lakini maji ya chini ya ardhi hayazijui. Jua halizijui, wala upepo, wala harufu. Ndiyo maana kuna kanuni za ujenzi: jengo lifunike sehemu gani ya kiwanja, ukuta ukae mbali kiasi gani na mpaka, gorofa ziwe ngapi. Anayesema "ni shamba langu, nijenge nipendavyo" anasahau kwamba kivuli cha jengo lake hakitalala kwake peke yake.

Lakini nilipouliza majirani wanataka niandike nini, kisima kilitajwa mara moja tu. Mengine yalikuwa: bei ya viwanja itashuka, vijana watapiga kelele, "wageni watajaa." Hapo kalamu ikakataa. Katika kaunti hii neno "wageni" si neno jepesi. Mwanzoni mwa 2008 watu walifukuzwa makwao kwa neno hilo, maelfu wakalala kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Na ukitafuta aliyetangulia hutafika mwisho. Mji wenyewe uliota kwenye shamba namba 64 la walowezi, ndiyo maana hadi leo tunauita Sisibo. Nani hapa atasema yeye ndiye mwenyeji wa mwisho?

Ujanja huu hata si wetu. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kanuni za kutenga maeneo ya makazi. Jaji aliyeandika uamuzi alifananisha jengo la nyumba za kupanga na kupe anayenyonya hewa na mwanga wa nyumba za familia moja moja. Alihesabu mwanga wa wenye nyumba. Mwanga wa wapangaji hakuuhesabu.

Basi tufute kanuni, kila mtu ajenge? Hapana. Tuna majina yanayofanana na wenzetu wa Huruma ya Nairobi. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la gorofa sita kando ya mto liliporomoka huko, wakafa watu karibu 50. Waliokufa hawakuwa majirani wenye viwanja.

Hapa ndipo panapouma. Kila mita inayoachwa kati ya kuta ni chumba ambacho hakikujengwa, na chumba ambacho hakikujengwa hupandisha kodi ya vile vilivyopo. Mimi nalipa kidogo kwa sababu landlodi wangu alikula hiyo mita. Nikidai dirisha, nadai pia kodi ipande. Mtu ataniambia: si ulichagua mwenyewe? Ndiyo, nilichagua, kama anavyochagua mtu mwenye mia mbili mfukoni. Lakini viko vitu ambavyo maskini hapaswi kuviuza ili apate pa kulala: hewa, maji safi, njia ya kutokea moto ukiwaka. Kanuni inayolinda hivyo ni ya haki hata ikiwa na gharama. Kanuni inayolinda bei ya kiwanja na utulivu wa waliokwisha kufika ni geti tu lenye muhuri wa serikali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi. Hakikusema kila mwenye kiwanja.

Kwa hiyo nikaandika hivi. Aya ya kwanza, kisima: majitaka yawe na mpango kamili kabla ya jiwe la kwanza. Ya pili, ukuta usisogelee mpaka, na kila chumba kiwe na dirisha linaloona anga. Ya tatu, mwenye kujenga akiacha nafasi ya kutosha chini, aruhusiwe kwenda juu zaidi, ili kodi isimkimbize mpangaji. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024. Watu watakuja tu.

Mama aliisoma kwenye simu akanipigia. "Mbona hujasema wasijenge?"

"Mama, hao watakaohamia hawawezi kusaini. Bado hawajafika."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama kuna mtu anakaa chumba cha chini kwetu, kile cha nyuma kabisa. Nikamwambia yuko, mama mmoja na watoto wawili. Akauliza wanasomea wapi jioni. Nikasema nje, kwenye ngazi.

Alisaini. Majirani wawili walikataa, wakaenda kuandika barua yao.