Dua ya Wote

Wimbo wetu wa Taifa hapa Tanzania ni dua tangu mwanzo hadi mwisho. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Leo unaimbwa na Muislamu, Mkristo na asiye na dini, wote wamesimama wima, na sijamsikia mtu akiuliza ni Mungu wa nani anayeombwa.

Lakini Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 3, inasema nchi yetu haina dini. Wapo wanaoona hapo pana mgongano. Mimi siuoni. Dola haina dini. Watu wanazo, tena wanaziishi kwa amani.

Kinachonikera ni tabia ya kumwachia Mungu hata kazi zetu. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Sasa mfuniko wa mtaro unaibwa usiku, unauzwa kama chuma chakavu, nasi tunasema mwizi atalipwa na Mungu. Aliyeununua tunamjua! Tunaswali naye safu moja, au tunakaa naye benchi moja kanisani. Kuishangilia timu yetu ya soka, Taifa Stars, ni rahisi (hata mimi sauti hunikauka), ila kumkabili jirani huyo tunaona haya.

Kikao cha mtaa kikiitishwa, naomba suala la mifuniko lijadiliwe mapema, kabla ya ile dua ya kufunga.