Deni Ambalo Bima Hailipi

Kwetu bima ya gari ina majina mawili, kubwa na ndogo. Ndogo hailigusi gari langu. Humlipa mtu nitakayemuumiza barabarani, mtu nisiyemjua. Kubwa hufanya hayo hayo, ila kinachoifanya iitwe kubwa ni kwamba hulitengeneza na gari langu. Kwa miaka mingi sikujiuliza kwa nini ile ya mfupa wa mwenzangu, ikiwa peke yake, tumeiita ndogo.

Mimi nilikata ndogo, tena kwa kunung'unika. Shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ndani. Niliilipa kwa sababu sheria inalazimisha, na kwa sababu trafiki siku hizi huingiza namba ya gari kwenye simu akaona kama bima iko hai. Kwa maneno mengine, nilimnunulia trafiki bima. Mtu wa kugongwa hakuwemo kabisa kichwani mwangu.

Alikuja kuwemo jioni moja, karibu na Muheza. Alikuwa mzee juu ya baiskeli, na kiroba cha machungwa nyuma. Simu ililia kwenye kiti cha pembeni, nikageuza macho kuona ni nani anapiga. Nilipoyarudisha barabarani, machungwa yalikuwa yanabingirika kwenye lami. Mzee alivunjika mguu juu ya goti. Polisi walikuja, mchoro wa ajali ukachorwa, akapewa PF3, akapelekwa hospitali.

Usiku ule nilimpigia wakala wangu wa bima. Alikuwa mpole. "Kaka, pole sana. Ila nikuombe kitu: usiende kumwona, usimwambie umekosa, usimwahidi hata shilingi. Hayo tuachie sisi." Nilipousoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza, niliyakuta maneno hayo hayo: mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila ridhaa ya kampuni.

Nilikiri moyoni kwamba nilifarijika. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kukaa nyumbani.

Aliyeniondolea faraja ile ni mjomba wangu, mwalimu wa madrasa aliyestaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yule mzee angekufa, ungedaiwa nini?" Nikasema diya. "Na nini tena?" Nikanyamaza. Akanikumbusha kafara. Anayeua kwa bahati mbaya, na hana mtumwa wa kumwacha huru, hufunga miezi miwili mfululizo. "Diya kwa kuua bila kukusudia hailipi muuaji peke yake," akasema. "Jamaa wa upande wa baba huchangishana. Hiyo ndiyo bima yenu hiyo. Lakini kufunga, nani angekufungia?"

Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia swali lake. Wazee wale walijua kwamba kosa la mkono mmoja laweza kuzaa hasara ambayo mkono mmoja hauwezi kuilipa. Ndiyo maana wakaigawa. Nchi ya New Zealand ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1974 ina mfuko wa taifa unaomhudumia aliyeumia kwa ajali bila kuuliza nani mkosaji, na kwa kawaida hawezi kumshtaki aliyemuumiza kudai fidia. Ninaona huruma ndani ya mpango huo. Majeruhi hasubiri wakubwa wabishane.

Hata katazo la wakala wangu lina sababu. Fedha ile si yangu wala ya kampuni peke yake. Ni michango ya wenye daladala, bajaji na magari kama langu. Kila mmoja akiahidi kwa machozi, mfuko utakauka, ada zitapanda, na atakayeshindwa kulipa ataendesha bila bima. Atakayegongwa na huyo atabaki na pole tupu.

Lakini mjomba alikuwa ameniwekea kidole pale pale panapouma. Hasara inagawanyika, kosa haligawanyiki. Mimi nilikuwa nimeyafunga yote mawili katika mzigo mmoja na kumkabidhi wakala.

Nikaenda. Mjomba alinisindikiza. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, vyuma vinatokeza mguuni. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia, "Mzee wangu, nilikuwa naangalia simu. Nilikukosea." Alinitazama kwa muda mrefu. Hakuniambia amenisamehe. Aliuliza, "Na machungwa yangu yaliyoko mtini, nani atayachuma?"

Sikuwa na jibu. Dai lake la fidia lilihitaji ripoti ya daktari na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, na machungwa hayangoji hukumu. Jumamosi ile nilirudi na vijana wawili, tukachuma. Niliwalipa kutoka mfukoni, nikijua kampuni haitanirudishia, na kwamba ingejua nilichosema barazani ingeweza kunigeuka. Ikinigeuka, fidia ya mzee ingecheleweshwa na ukweli wangu. Hilo nalo nililibeba, na sina hakika kwamba nilikuwa na haki ya kulibeba kwa niaba yake.

Mahakamani niliposomewa shtaka nilisema ni kweli, nikalipa faini. Kampuni ililipa baada ya miezi kumi na mmoja. Mzee anatembea kwa fimbo. Kila nikipita Muheza ninasimama kumwamkia, na hatuizungumzii ajali. Huwa ananiuliza kama simu nimeizima.

Bima bado ninakata ile ndogo. Ila sasa ninapoilipa, ninajua ni ya nani.