Mpaka wa Utii: Wakili Kijana na Mlezi Wake Karatu na Ngorongoro

Swali la kiasi gani mwanafunzi anapaswa kumtii mwalimu wake ni la kale katika dini na falsafa, lakini katika taaluma ya sheria lina uzito wa pekee, kwa kuwa wakili, hata aliyeapishwa jana, ni afisa wa mahakama, yaani mtu anayewajibika kwa mahakama na kwa mteja kabla ya kuwajibika kwa aliyemlea. Mhitimu wa shahada ya sheria nchini Tanzania hupitia taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo aapishwe kuwa wakili; akishafika Karatu kufanya kazi, elimu iliyobaki ataipata kwa wakili mkongwe au ataikosa kabisa.

Elimu hiyo ndiyo Aristotle aliyoiita phronesis, yaani busara ya kutenda, ambayo kwa maoni yake kijana hana hata akiwa hodari wa hisabati, kwa sababu hushughulika na mambo mahususi, nayo hujulikana kwa uzoefu tu. Kanuni za mwaka 2003 za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, kwa mfano, zinataka maombi yaeleze mahali ilipo ardhi inayogombewa. Kijana huandika jina la kijiji na idadi ya ekari akaridhika. Mkongwe humpeleka shambani, akamwonyesha safu ya minyaa iliyopandwa na babu yake mdai, korongo ambalo kila masika hula upande mmoja wa mpaka, na jirani wa kaskazini ambaye ndiye shahidi hasa, ingawa mteja hakumtaja kwa kuwa hawasalimiani.

Jambo hilo linaloonekana dogo liliamua pia shauri kubwa la Loliondo, wilayani Ngorongoro, ambalo vijiji vinne vililifungua mwaka 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki vikipinga kuondolewa kwa wafugaji. Mwaka 2022 mahakama hiyo ililitupa kwa kuona kwamba haikuthibitishwa kuwa wafugaji waliondolewa ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 2023 Kitengo cha Rufani kilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Miaka sita ilipita, nalo swali la mahali bado lilikuwa linadai jibu.

Ikiwa busara hii hupatikana kwa kumfuata mtu, je, anayefuata anyamaze? Katika Suratul-Kahf, Musa anaandamana na mja mwenye elimu, ambaye wafasiri humtambua kuwa ni Khidhr, kwa sharti la kutouliza lolote mpaka aelezwe. Musa anashindwa kuvumilia jahazi linapotobolewa, kijana anapouawa na ukuta unaposimamishwa bila ujira, na wawili hao wanaachana. Wengi husoma humo fundisho la subira, na ni haki yao. Hata hivyo Khidhr alitenda kwa elimu aliyopewa na Mungu, ilhali wakili mkongwe hana elimu ya namna hiyo, wala hana haki ya kudai ukimya unaotokana nayo.

Wamaasai wa Ngorongoro wana utaratibu unaofaa zaidi kutafakariwa. Rika la vijana hulelewa na wazee waitwao olpiron, jina la kijiti cha kupekechea moto, ambao hawatoki katika rika lililo juu yake moja kwa moja bali katika lile la pili. Rika lililotangulia ni mshindani, kwa maana vijana wakipanda ndilo linalosukumwa kutoka katika umorani. La pili halina cha kupoteza, hivyo linaweza kukemea, kubariki na hata kulaani bila kushukiwa wivu. Katika mji mdogo, ambako wakili aliyemtangulia kijana kwa miaka michache huwania wateja walewale, busara ya mpango huo haihitaji kutetewa sana. Tena malezi hayo yana mwisho: waliolelewa huja kuwa olpiron wa wengine.

Mpaka wa utii huonekana wazi kwenye karatasi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, humtaka aliyeandaa hati aandike juu yake jina na anwani yake, na mara nyingi kijana ndiye huandaa huku jina la mkongwe likitangulia. Kwa muda fulani hilo ni kinga kwa mteja na kwa kijana pia. Mkongwe anapomwelekeza aeleze mpaka ambao wote wawili waliuona shambani kuwa si huo, kinga imegeuka maficho, na kijana anayekataa kuiandaa hati hiyo hajavunja adabu kwa mlezi wake, hata kama kesho yake itambidi atafute meza katika ofisi nyingine.