Mfungwa wa Usiku Mmoja
Mwaka 1910 Oldfield Thomas wa London alimwelezea kwa mara ya kwanza kirukanjia aliyepatikana Kyetume, karibu na Kampala, ambaye leo huitwa Scutisorex somereni. Ilipita miaka 7 ndipo J. A. Allen alipoonyesha ajabu iliyokuwa ndani yake: kiunoni ana pingili 11, binadamu ana 5, nazo zimeshikana kwa vijino vingi vya mfupa. Wamangbetu wa Kongo walikwisha kujua kwamba mtu mzima anaweza kumsimamia mnyama huyo mgongoni asife. Picha ya msituni isingetufunulia mgongo huo, kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kila mnyama aliyeuawa kwa ajili ya elimu ameuawa bure.

Ila nadhani tunakosea kulisimamisha swali lote kwenye kuua. Ile hadithi ya Mtume wanayoijua Waislamu wengi wa Kampala, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake halikuwa kuchinja. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Sasa tazama boksi la bati lililotegwa na watafiti msitu wa Mabira jioni, ndani mna siagi ya karanga. Kirukanjia ni mla wadudu, mara nyingi ana gramu chache tu, na mwili wake hauwezi kukaa saa nyingi bila chakula. Mlango ukishafunga, usiku mmoja unatosha. Alfajiri anakutwa kajikunja pembeni, manyoya yameloa, baridi kama bati lenyewe. Mtego huo husifiwa kwa huruma, kumbe ule unaovunja shingo papo hapo ulikuwa na huruma zaidi.

Kuna atakayesema kwamba panya wa Kampala hulishwa sumu kila siku na hakuna anayeuliza fatwa. Kweli, lakini mwenye duka analinda chakula chake; kirukanjia wa Mabira hakumlia mtu nafaka. Mwingine atajitetea kwa nia: hakuna aliyekusudia afe. Nia humwokoa asiyejua, na mtegaji anajua. Anajua kwamba pamba kavu, wadudu wachache ndani ya boksi na mzunguko mmoja usiku wa manane huokoa wengi. Aliyemfungia kiumbe amepokea amana, hata kama amana yenyewe haijai kiganjani. Mwenye mitego 100 na watu wawili tu wa kuizungukia, ategue 60 kabla jua halijazama.